Maumivu ya kifua: tusingoje kupambazuke

Barua niliyoipokea wiki iliyopita kutoka kwa mama mmoja wa jijini Dar es Salaam imenifanya niiweke kando makala niliyokwisha kuiandaa juu ya sare za shule. Ni barua ya kurasa nne, imeandikwa kwa mkono, na mwandishi wake ameomba jina lake lisitajwe. Halitatajwa. Lakini maswali yake ni maswali ya nyumba nyingi, naye ameniruhusu kuyajibu hapa hadharani.

Mume wake alikuwa na umri wa miaka 52, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Jioni moja alirejea kutoka kazini mzima, akaoga, akala ugali kwa dagaa pamoja na wanawe. Ilipopata saa 3 usiku akasema chembe cha moyo kinamuuma na kifua kimekuwa kizito, kana kwamba mtu amemkalia. Mkewe akampa soda apate kucheua. Hakupata nafuu. Akakandwa mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Jasho likamtoka hata fulana ikalowa, ilhali ulikuwa usiku wa mwezi wa Julai wenye upepo wa baridi. Mama akataka wampeleke hospitali. Mgonjwa mwenyewe akakataa, akisema ni gesi tu, na kwamba kesho yake ana zamu ya asubuhi.

Akapigiwa simu kaka yake mkubwa anayekaa Mbagala, maana katika ukoo wao jambo zito haliamuliwi bila yeye. Alifika saa 6 usiku. Wakashauriana. Kijana akatumwa duka la dawa, akalikuta limefungwa. Akaenda la pili, muuzaji akampa vidonge vya vidonda vya tumbo na vingine vya kutuliza maumivu. Maumivu yakapungua kidogo, watu wote wakamshukuru Mungu, ikaamuliwa wangoje kupambazuke kwa kuwa nauli ya usiku ni kubwa. Saa 11 alfajiri mgonjwa akaanza kukosa pumzi. Walipomfikisha hospitali alikuwa bado anasema. Alifariki saa 1 na nusu asubuhi, na daktari akawaeleza kwamba lilikuwa shambulio la moyo, na kwamba lilianza tangu usiku.

Mama huyu anauliza mambo matatu. Kwanza, kama wangemwahi, angepona? Pili, je, ni yeye aliyemuua kwa ile soda na yale mafuta? Tatu, ana watoto wawili wa kiume. Je, nao wamo hatarini?

Dada yangu, nianze na lile unaloliogopa kuliko yote. Soda haikumuua mumeo, wala mafuta ya nazi hayakumuua. Kilichomuua ni mshipa wa moyo ulioziba. Lakini umeniomba nisikufiche, nami sitakuficha: kama angalifika saa 4 usiku mahali penye daktari, kipimo na dawa, matumaini yake yangalikuwa makubwa zaidi, tena kwa kiasi kinachohesabika. Kwamba angalipona kwa yakini, hakuna daktari mwaminifu awezaye kukuapia. Wapo wanaofika mapema wakafa, na wapo wanaochelewa wakaishi.

Tuelezane sasa kilichokuwa kikitendeka ndani ya kifua kile kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri.

Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kiasi cha ngumi ya mwenyewe, nao husukuma damu mwili mzima bila kupumzika tangu mtu angali tumboni mwa mama yake. Jambo ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba msuli huo, ijapokuwa vyumba vyake vimejaa damu muda wote, haulishwi na damu hiyo ipitayo ndani yake. Hulishwa na mishipa yake wenyewe, myembamba, inayotambaa juu yake kwa nje. Kadiri miaka inavyopita, na hasa kwa mwenye presha, mwenye kisukari na mvutaji wa sigara, kuta za mishipa hiyo hujijenga utando wa mafuta. Utando huo waweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Siku ukipasuka, damu huganda juu ya ufa ule, kama igandavyo juu ya kidole kilichokatwa na kisu, na bonge hilo la damu likaiziba njia. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa kwa kukosa damu.

Haifi yote kwa mara moja, na hapo ndipo ulipo msingi wa mazungumzo yetu ya leo. Kifo cha msuli huanza baada ya kiasi cha nusu saa hivi tangu mshipa uzibe kabisa, kikaanzia upande wa ndani na kusambaa kwenda nje, saa hata saa. Baada ya saa 6 hivi, aghalabu sehemu kubwa ya kilichokuwa kikiweza kuokolewa imekwisha kupotea. Msuli wa moyo uliokufa hauoti tena. Pahali pake hubaki kovu. Kwa hiyo hata yule anayeokoka baada ya kuchelewa mara nyingi huishi na moyo dhaifu: akipanda ngazi anatweta, miguu inavimba, kazi ya nguvu haiwezi tena. Kwa mfanyakazi wa kiwandani au bandarini hilo nalo ni msiba wa namna yake.

Nilisema matumaini yanahesabika, na hesabu zenyewe ndizo hizi. Mwaka 1986 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa zaidi ya 11,000 wa shambulio la moyo, ambao nusu yao walipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iitwayo streptokinesi. Miongoni mwa waliopewa dawa ile ndani ya saa ya kwanza tangu maumivu yaanze, vifo vilipungua kwa karibu nusu. Miongoni mwa waliopewa baada ya saa 6 kupita, faida haikuonekana dhahiri. Dawa ilikuwa ile ile, kipimo kile kile. Kilichotofautiana ni saa.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1988, uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, wa wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba hata aspirini peke yake, kidonge kinachouzwa kwa bei ndogo dukani, ikianzwa mara moja, hupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Nitarudi kwenye aspirini, maana ina masharti yake.

Baadhi ya wasomaji watasema hizo ni habari za nchi zenye hospitali kila kona. Nawaomba wasikilize kisa cha Belfast, mji wa Ireland ya Kaskazini. Miaka ya sitini daktari mmoja wa huko, Frank Pantridge, aliona kwamba wodi yake ya moyo ilikuwa na vyombo vyote, lakini wagonjwa wengi wa shambulio la moyo hawakuwa wakifika wodini wakiwa hai. Walikuwa wakifia majumbani, makazini na njiani. Mwaka 1965 akatengeneza mashine ya kushtua moyo kwa umeme iliyotumia betri za gari. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 70, yaani uzito wa mtu mzima, na bado aliihesabu kuwa ya kubebeka. Mwaka 1966 ikaanza kutembea ndani ya gari la wagonjwa pamoja na daktari na muuguzi, ikiwafuata wagonjwa walikokuwa. Magari ya wagonjwa yenye daktari au mtaalamu na mashine kama hiyo, ambayo leo yanajulikana katika nchi nyingi, yamefuata nyayo za gari lile. Pantridge alitambua kwamba ugonjwa huu unashinda kabla ya mlango wa hospitali. Sisi ambao aghalabu gari la wagonjwa halitufikii mlangoni kwa dakika chache, tunalo somo lile lile, ila kwetu gari hilo ni teksi, bajaji au gari la jirani, na anayeamua liondoke saa ngapi ni sisi wenyewe wa nyumbani.

Sasa tuje kwenye dalili, maana hapo ndipo usiku ule ulipopotea.

Lugha yetu ina neno ambalo mama huyu amelitumia, nalo ni chembe cha moyo. Ni pale chini ya mfupa wa kifua, mahali ambapo tumbo linaanza. Wazee wetu walipaita kwa jina la moyo, na vijana wa siku hizi wamezoea kupatibu kwa dawa za tumbo. Kweli, mara nyingi maumivu ya hapo ni ya tumbo. Lakini moyo nao huumia hapo hapo, tena sana, na mtu hawezi kuyatenganisha kwa kujibonyeza kwa kidole. Vivyo hivyo tunayo majina mengine ya tayari: kiungulia, kichomi, gesi, uchovu wa zamu. Mgonjwa akishapewa jina la ugonjwa, nyumba nzima hutulia, hata kama jina lenyewe si lake.

Maumivu ya shambulio la moyo aghalabu si ya kuchoma kama sindano. Ni uzito, ni kubanwa, ni kama mkanda uliokazwa kifuani. Yaweza kwenda kwenye bega na mkono, hasa wa kushoto, au wote miwili, au yakapanda shingoni na kwenye taya mithili ya jino bovu, au yakatokea mgongoni kati ya mabega. Huambatana na jasho la baridi, kichefuchefu, kutapika, kukosa pumzi, kizunguzungu, na mara nyingine hofu kubwa ambayo mgonjwa hawezi kuieleza. Yakidumu zaidi ya dakika 10 au 15 mtu akiwa amepumzika, hilo si la kungoja. Tena yakipungua kidogo baada ya kidonge cha maumivu, kama yalivyopungua kwa marehemu, hiyo si dalili ya kupona. Kidonge hakikuufungua mshipa.

Akina mama nawaomba hapa wasome polepole. Mwanamke, mzee sana, na mwenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua. Mmoja atasema amechoka ghafla kwa namna isiyo ya kawaida, mwingine atakosa pumzi akitandika kitanda, mwingine atatapika na kutokwa jasho. Huyu ndiye anayeambiwa ana malaria au amechoka na shughuli za arusi.

Basi kwa nini tunangoja? Sitamcheka mtu, kwa kuwa nami nilingoja. Mwaka 2019, usiku wa Jumamosi, kifua changu kilibana nikiwa nasoma. Nilikaa saa 2 nzima kwenye kiti nikijiambia kuwa ni pilau ya mchana. Sababu yangu ya kweli naona haya kuitaja, lakini nitaitaja: mwenye gari katika mtaa wetu alikuwa jirani ambaye tulikuwa tumegombana kwa ajili ya taka, na sikutaka kumgongea mlango usiku. Mke wangu aliponiona nimelowa jasho hakuniuliza, alikwenda akamgongea. Jirani alitoka na msuli wake kiunoni, hakutamka neno, akawasha gari. Tulipofika hospitali moja ambayo sitaitaja, karani wa dirishani akatuambia tusubiri zamu ya kukata cheti. Mke wangu, mtu mpole siku zote, akapaza sauti hata ukumbi mzima ukageuka: “Ana maumivu ya kifua na jasho tangu saa 4!” Muuguzi aliyekuwa akipita akasikia, nikaingizwa. Mshipa mmoja mdogo ulikuwa umeziba. Leo namwandikia mjane nikiwa hai, na kila asubuhi nameza vidonge vyangu.

Naeleza haya si kwa kujisifu, bali kwa kuwa yana mambo mawili ya kutumia. La kwanza ni kwamba mgonjwa si mwamuzi mzuri wa jambo lake. Atasema ni gesi, atasema tungoje, atasema fedha ya ada isiguswe. Asisikilizwe. La pili ni kwamba maneno ya kusema mlangoni yana kazi yake. Usiseme tu “tuna mgonjwa” au “anaumwa”. Sema “maumivu ya kifua”, taja saa yalipoanza, taja jasho au pumzi. Ni maneno yanayomfanya mtaalamu ageuke.

Yafaa kusisitiza hilo kwa sababu hata wataalamu hupitiwa. Uchunguzi uliofanywa katika idara ya dharura mjini Moshi na kutangazwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 681 waliokuja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Walipopimwa wote kwa utaratibu wa uchunguzi ule, 152 walionekana kuwa na shambulio la moyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Na wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo katika matibabu ya kawaida. Kwa miaka mingi tuliaminishwa kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Si hivyo tena, kama uliwahi kuwa hivyo.

Kuhusu yule kaka mkubwa wa Mbagala, nisieleweke kwamba nabeza heshima ya ukoo. Mkubwa ni mkubwa. Lakini mkubwa apigiwe simu kutoka garini, si kutoka sebuleni, na naamini shemeji mwenyewe leo angalipenda iwe hivyo. Dua nayo isomwe, tena isomwe njiani. Kila familia ingekaa dakika 10 tu, siku ambayo hakuna mgonjwa, ikakubaliana mambo machache: kwamba yeyote aliye macho ana ruhusa ya kuamua, kwamba dereva fulani au jirani fulani ameombwa mapema na namba yake imeandikwa ukutani, si ndani ya simu yenye neno la siri, kwamba kadi ya bima au akiba ndogo ya dharura iko kwenye mkoba fulani, na kwamba hospitali ya karibu yenye daktari usiku kucha na kipimo cha umeme wa moyo ni ile pale. Hili la mwisho liulizeni mchana, kwa miguu yenu. Si kila zahanati inacho kipimo hicho, na usiku si wakati wa kuzunguka mji mkitafuta.

Mgonjwa akae, aegemee, asitembezwe wala asijiendeshe mwenyewe gari. Pikipiki haimfai, akizimia njiani ataanguka. Ikiwa anaweza kumeza, na hana mzio wa aspirini, na hana vidonda vinavyotoa damu, wala hakukatazwa na daktari, atafune aspirini ya miligramu 300. Kutafuna huifanya iingie damuni upesi kuliko kumeza nzima. Vidonge kama diklofenaki, ambavyo wengi wetu tunavimeza kama karanga kwa maumivu ya viungo, visitumike hapa, kwani vyaweza kuudhuru moyo. Na tafadhali msichanganye: mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea, maneno yakakwama, hicho ni kiharusi, si moyo. Huyo naye akimbizwe hospitali vile vile, lakini asipewe aspirini nyumbani, maana huenda damu inavuja ubongoni.

Mkifika, kipimo cha umeme wa moyo kinapaswa kufanyika ndani ya dakika 10. Hakiumi, ni waya chache zinazobandikwa kifuani na mikononi, na chanzo chake ni kazi ya Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo mwaka 1924. Kipimo cha kwanza chaweza kuonyesha hali njema ilhali shambulio lipo. Kwa hiyo maumivu yakiendelea msikubali kurudi nyumbani kwa furaha; ombeni kwa adabu kirudiwe, na kama kipo, kipimo cha damu cha troponini.

Kinachofuata hutegemea mahali. Ama ni dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ama ni kuufungua mshipa kwa kijipira kinachopitishwa ndani ya mshipa wa mkono au paja hadi moyoni, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Andreas Grüntzig mjini Zürich, Uswisi, mwezi Septemba mwaka 1977, mgonjwa akiwa macho. Siku hizi huachwa humo kijibomba cha wavu kushikilia njia isizibe tena. Zamani Mtanzania aliyehitaji matibabu makubwa ya moyo aghalabu alipelekwa India, na wa shambulio la ghafla hakuwa na muda wa kungoja ndege. Leo kazi hiyo hufanyika hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, jirani na Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo idara yake ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Mitambo hiyo ni ya gharama kubwa sana. Nayo haimsaidii mtu aliyelala Mbagala akinywa soda.

Limebaki jambo la moyo kusimama. Shambulio la moyo na moyo kusimama ni vitu viwili, ijapokuwa cha kwanza chaweza kuleta cha pili. Mtu akianguka ghafla, haitiki, hapumui au anakoroma kwa vipindi, sisi humzunguka, humpepea, humwagia maji, tukamnusisha kitunguu. Yote hayo hayasukumi damu. Mtu mmoja akimbilie gari na simu. Mwingine amlaze chali juu ya sakafu, si kitandani, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua na kiganja cha pili juu yake, anyooshe viwiko, akandamize chini kiasi cha sentimeta 5 hadi 6, aachie, akandamize tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kazi ya kutoa jasho. Baada ya dakika 2 mwingine apokee. Njia hii ilitangazwa mwaka 1960 na wataalamu watatu wa Baltimore, Marekani, nayo haihitaji chombo chochote zaidi ya mikono. Kila dakika ipitayo bila hivyo, tumaini la moyo kurudishwa kwa mashine ya umeme hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Viwanda vyenye mamia ya wafanyakazi vingeweza kufundisha watu wawili watatu katika kila zamu kwa mchana mmoja. Viongozi wa wafanyakazi walitie jambo hili katika madai yao, pamoja na lile la posho.

Dada yangu, nimalizie swali lako la tatu. Baba akipata shambulio la moyo kabla ya kutimiza miaka 55, watoto wake huhesabiwa kuwa na hatari zaidi kuliko wengine. Si hukumu; ni sababu ya kupima. Wanao wote wawili wapimwe presha, sukari na mafuta ya damu, hata kama wanajiona wazima. Umeandika kwamba yule mkubwa anavuta sigara na anafanya zamu ya usiku. Mwambie apite hospitali asubuhi atokapo kazini, kabla ya kulala, na kabla ya kunywa chai, kwa kuwa baadhi ya vipimo hutaka mtu asiwe amekula. Aeleze kwa daktari umri wa baba yake na namna alivyofariki. Umesema pia kwamba tangu msiba huo hajawahi kuzungumza nawe habari za usiku ule. Ndiye aliyetumwa duka la dawa, sivyo? Mwende pamoja.